Nyinyi mnaopiga makofi straika akitolewa kwa machela, uzi huu ni wenu

Nimevumilia vya kutosha. Tangu Gabriel Jesus, straika wetu wa Arsenal, arudi uwanjani kule Brugge Desemba 2025, baada ya karibu miezi kumi na moja ya kuuguza goti, sijakaa baraza moja hapa Mombasa bila kusikia upuuzi ule ule. "Kioo." "Mgonjwa." "Mtoeni kabla hajavunjika." Na wanaosema hivyo si mashabiki wa Man United wala Chelsea. Hao ningewaelewa, utani ndio kazi yao. Ni sisi wenyewe wa Arsenal, watu na jezi zao mwilini.

Sijasahau ile Jumapili ya tarehe 12 Januari 2025, Kombe la FA, sisi na Man United. Tulikuwa bandani Kisauni. Mechi ilianza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, kwa hiyo ilipokaribia mapumziko Magharibi ilikuwa imeshaingia na watu wameanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Jesus akajirusha kumpokonya Bruno Fernandes mpira, akatua vibaya, akashika goti. Aliyewahi kucheza mpira hata wa mchangani alijua pale pale. Jamaa mmoja nyuma yangu, simu mkononi na mkeka wake wa kubeti wa timu saba, akapiga makofi: "Afadhali! Sasa watanunua straika." Watu wakacheka. Hata mwenye banda, mtu mzima mwenye wajukuu, alicheka huku akiokota vikombe vya kahawa chini ya mabenchi. Mimi nikaenda zangu msikitini na hasira kifuani, na sijui swala ile ilikuwa swala gani.

Straika hakununuliwa. Hilo nitalirudia, maana ndilo mnalolikimbia.

Kwanza kumbukumbu kidogo, kwa sababu baraza zetu zina akili ya kuku. Tarehe 18 Desemba 2024 Jesus alifunga matatu peke yake dhidi ya Crystal Palace, robo fainali ya Kombe la Carabao. Siku tatu baadaye, Palace hao hao, nyumbani kwao kwenye ligi, akaongeza mawili. Mwaka mpya ukafunguliwa kwa Brentford, akafunga tena. Mabao sita ndani ya wiki mbili! Nani alikuwa akituma picha zake kwenye makundi yote ya WhatsApp na kuandika "mfalme karudi"? Nyinyi. Siku kumi na moja tu baada ya Brentford, nyinyi hao hao mkampigia makofi akibebwa.

Mnasema ni kijana wa kuumia umia. Haya, tuangalie ameumiaje. Desemba 2022 aliumia goti la kulia akiichezea Brazil dhidi ya Cameroon kwenye Kombe la Dunia, mechi ambayo Brazil tayari walikuwa wamefuzu. Januari 2025 likawa la kushoto, kano ya ndani, ile ambayo ikikatika huna ujanja, ni kisu na miezi mingi ya kujifunza upya hata kushuka ngazi. Magoti mawili tofauti. Huyu si mtu anayejilaza kwa sababu ya kubanwa na msuli. Yote mawili, goti la kulia na la kushoto, yameumia akiwa kazini akikimbiza mpira, na kukimbiza huko ndiko tulikomnunulia kwa pauni milioni 45 kutoka Man City mwaka 2022.

Kwani nani alitutoa kwenye zile jioni za aibu? Kabla yake tulikuwa tunamaliza nafasi ya nane, nane tena, halafu ya tano. Akaja, na ligi ilipopumzika kwa ajili ya Kombe la Dunia tulikuwa juu kwa pointi 37, City 32. Najua, najua, alikuwa hajafunga kwenye ligi tangu ile mechi ya Tottenham mwanzoni mwa Oktoba. Lakini kila beki alikuwa na hofu naye, na mawinga wetu Martinelli na Saka walikuwa wanapita mlango aliouacha wazi yeye. Msimu ule alimaliza na mabao 11 ya ligi licha ya kukosa miezi mitatu. Na sitasema goti lake peke yake ndilo lililotunyima ubingwa. Beki wetu Saliba alipoumia Machi ndipo ukuta ulipoanza kumong'onyoka. Msimu uliofuata mabao manne ya ligi, hapo sina utetezi, ni kidogo mno kwa straika wa timu inayotaka kombe.

Kuna mzee mmoja wa baraza letu, tunamwita Ami, yeye husema straika ambaye hachezi ni hasara hata awe bingwa wa dunia, na hutoa mfano wa Michael Owen, straika wa Uingereza. Ami ana hoja, na ndiye peke yake anayejenga hoja pale, wengine ni kelele. Newcastle walimnunua Owen 2005 kwa pauni milioni 16, mwenye Ballon d'Or ya 2001. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo akavunjika mfupa wa mguu kwa Tottenham. Akapona, akaenda Kombe la Dunia, na dakika ya kwanza dhidi ya Sweden goti likamgeuka. Miaka minne, mabao 30, na timu ikashuka daraja. Sawa Ami, hiyo ni hasara, nakubali mchana kweupe.

Lakini Ami, na van Persie, straika wetu wa zamani, je? Miaka na miaka tuliimba "kioo, kioo". Novemba 2009 kifundo cha mguu kilimwondoa karibu miezi mitano, watu wakasema auzwe. Msimu wa 2011/12 akacheza mechi zote 38 za ligi na kufunga mabao 30. Kisha akauzwa kweli, akaenda Man United, akawafungia 26 na kuwapa ubingwa mwaka wa kwanza. Mwaka ule hapa mjini kuna watu walizima simu. Na Dembélé? Barcelona walitoa zaidi ya euro milioni 100 mwaka 2017, misuli ya paja ikamsumbua hadi akawa kichekesho, wakamuuza PSG kwa 50 mwaka 2023. 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa na Ballon d'Or. PSG ndio waliotutoa nusu fainali, na bao la mechi ya kwanza pale Emirates alifunga yeye, dakika ya nne. Yule "mgonjwa".

Sasa turudi kwenye mnalolikimbia. Feri ikizima pale Likoni, watu huuliza ziko wapi nyingine, hawaitukani ile iliyochoka. Januari 2025 Saka alikuwa tayari nje, Jesus akafuata, dirisha la usajili liko wazi, wiki zimebaki. Hatukuleta mtu. Februari Havertz akaumia paja mazoezini Dubai, Martinelli naye paja, na straika wetu akawa Merino, kiungo! Mungu ambariki, aliwafunga Leicester mawili akitokea benchi, lakini tulimaliza ligi pointi kumi nyuma ya Liverpool. Hapo mbona sikuona mtu akiwatukana waliokaa na funguo za sanduku la pesa? Ni rahisi kumtukana aliyelala kwenye machela.

Na kinachoniuma zaidi, nusu ya hao wanaocheka wameshuhudia hapa hapa. Tulikuwa na straika wetu Makadara, mguu wa kushoto, mtu wa kupiga mpira kabla kipa hajajua. Goti lilipopinduka hakupelekwa kwenye kipimo cha picha, pesa iko wapi? Alikandwa kwa mafuta ya simsim, akafungwa bendeji, na ndani ya mwezi akarudishwa uwanjani kwa sababu kulikuwa na mechi ya mtaa na watu wameweka pesa. Likapinduka tena. Leo anaendesha tuktuk, na akishuka kukusanya nauli anaanza na mguu mzima. Aliyekuwa akimpigia kelele acheze ndiye yule yule wa mkeka wa timu saba.

Kwa hiyo atakayenijibu hapa chini aanze na Januari 2025. Atwambie nani alipaswa kununuliwa, kwa kiasi gani, na kwa nini hakuletwa. Ami umetangulia, wewe jibu vyovyote.