Klipu za TikTok zitaokoa Olusuba, lugha ya Wasuba wa Ziwa Victoria, au tunajifurahisha tu?

Mzee wa Gwassi: Kila wiki nawaona vijana wetu: "neno la leo kwa Olusuba." Anataja samaki, anataja mtumbwi, anacheka, watu wanagonga moyo, kwisha. Kuna nyumba hata moja ambako mtoto ameanza kuomba maji kwa Olusuba kwa sababu ya klipu? Lugha hii haikufa kwa kukosa bando. Ilidhoofika pale akina mama walipoona Dholuo, lugha ya Wajaluo, ndiyo ya soko, ya kanisa na ya darasa la kwanza. Watoto wa bando watatuachia makopa tu.

NyarRusinga: Mzee, heshima yako. Ila hao "watoto wa bando" ndio waliokaa na nyanya zao wakawarekodi. Nyinyi mliishi na wazee hao miaka yote, wakiwasemesha Olusuba mnajibu Dholuo. Nani alizima moto?

Kijana_Mfangano: 😂 Anayetetea Olusuba anajiita NYAR. Dada, hiyo "binti wa" ni Dholuo tupu.

NyarRusinga: Niliitwa hivyo shuleni. Ulidhani nilijichagulia? Umenisaidia kueleza tatizo, asante.

Otis254: Kwani Nyar ina kasoro gani? Wasuba ni Wajaluo tu, wacheni kujitenga. Tom Mboya mwenyewe, yule waziri wa zamani, aliwahi kujiita Msuba?

Kijana_Mfangano: Hapo umegusa donda. Sisi ni Wabantu. Wazee wanasimulia walivyovuka ziwa kutoka upande wa Buganda. Dholuo ni ya Kinailoti. Kwa ukoo Olusuba iko karibu na Kikuria kuliko na hiyo Dholuo yako. Na Mboya ni wetu, kalala Rusinga.

Otis254: Alizaliwa Kilima Mbogo kwenye mashamba ya mkonge. Basi tumpe nani, Wakamba?

Kijana_Mfangano: Kazikwa wapi?

Otis254: Kaburi si cheti cha kabila, ndugu.

Mzee wa Gwassi: Nimeuliza habari ya lugha, mnanichimbulia makaburi.

Mwalimu_Mbita: Nirudi kwa mzee. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasuba zaidi ya 150,000, lakini mtu alitaja kabila. Hakuna aliyemwambia "haya, hesabu moja hadi kumi." Wapo wanaojiandikisha Wasuba na hawajui hata kusalimia. Shuleni tunaambiwa watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo, na huku kwetu hiyo imekuwa Dholuo. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji, sawa, lakini kitabu cha kusomea kiko wapi? Mimi nilicheza klipu mbili darasani kwa simu yangu. Wakacheka namna yule kijana anavyotamka, kisha kitoto kimoja kikasema, "Nyanya hasemi hivyo." Jioni kikamuuliza. Nyanya mtu akaja shuleni kesho yake, amekasirika, kutufundisha neno lenyewe.

Otis254: Mwalimu anawasha TikTok darasani. Halafu mnashangaa hesabu inawashinda.

Mwalimu_Mbita: Umesoma nilichoandika au umeona neno TikTok tu?

NyarRusinga: Hasomi huyu. Mzee, umesikia ya mwalimu? Klipu mbovu ilimtoa bibi nyumbani.

Mzee wa Gwassi: Nimesikia. Basi yule bibi ndiye aliyefundisha. Mngemrekodi yeye.

NyarRusinga: Rekodi ndiyo hiyo hiyo bando, mzee wangu.

Kijana_Mfangano: Redio ya Ekialo Kiona huku kisiwani imekuwa ikitangaza kwa Olusuba, na mvuvi anaisikiliza huku anavuta nyavu, hahitaji kugonga moyo popote. Otis, Ekialo Kiona maana yake "dunia nzima," kwa hiyo hata wewe umo.

Otis254: Dunia nzima, na bado mnagombania kaburi moja.

Mzee wa Gwassi: Mwalimu, huyo bibi anatoka ukoo gani?

Mpita_Njia: Samahani kuwakatiza. Jumapili boti ya Mbita kwenda Mfangano huondoka saa ngapi?