Naomba ushauri: kwenye drum corps tushangilie au tutulie?

Wakuu, habari zenu. Nipo Indiana, Marekani, na Agosti nampeleka baba mkwe kwenye fainali za Drum Corps International (mashindano ya bendi za vijana za ngoma na tarumbeta, wanaopiga huku wakitembea kwa mpangilio uwanjani), Lucas Oil Stadium, Indianapolis. Mzee alipuliza tarumbeta kwenye bendi hizi miaka ya 1970. Anasema enzi zao bendi ikigeukia jukwaa la watazamaji na kuachia sauti yote, watu walisimama wimbo ukiwa katikati, wengine wanarusha kofia. Sasa eti watu wamekaa kama wako kwenye mtihani, wanapiga makofi mwisho tu.

Lawama zote anazitupia vipaza sauti vilivyoruhusiwa 2004 na sinthesaiza (vinanda vya umeme) za 2009. Mimi naona ni mpangilio: siku hizi onyesho halikatiki, kipande kinaingia ndani ya kingine, utapiga makofi saa ngapi? Halafu paa la uwanja likifungwa mwangwi unachanganya.

Mliowahi kwenda: mzee akiinuka katikati na kupiga mayowe (ataniinukia tu, namjua), watu watanuna? Na tukate tiketi za juu au za chini ili asikie vizuri?