Ile muvi ya Krismasi ya mwanasheria wa Chicago na fundi wa midoli, mwisho wake mmeuonaje?

kiti_cha_mbele

Wadau salama? Nimemaliza kuangalia ile muvi mpya ya Krismasi, hizi za mapenzi zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, haziendi kabisa kwenye majumba ya sinema, na mpaka sasa hivi mwisho wake unanisumbua, kwa hiyo walioiona naomba tuijadili. Ambaye hajaiona auruke huu uzi maana naimwaga yote.

Steringi wa kike ni mwanasheria wa kampuni kubwa Chicago, anatumwa kwenye kamji kadogo huko Vermont siku chache kabla ya Krismasi akasimamie kufungwa kwa kiwanda cha midoli ya mbao, anakaribia kufika gari linakwama kwenye theluji, anayemkwamua ni fundi wa kiwanda hichohicho, mgane mwenye binti mdogo. Mnajua yanayofuata. Wanapamba mti, wanaoka biskuti, wanataka kubusiana mtoto anaingia, baadaye jamaa anasikia nusu ya maongezi ya simu anajua ameshasalitiwa, wananuniana, mkesha wa Krismasi wanapatana mbele ya mti mkubwa wa mji, busu, theluji inaanza kudondoka, imeisha.

Na hayo yote mimi sina ugomvi nayo, hizi muvi nazipenda na nazisubiri kila mwaka. Kilichoniuma ni ile sini yule dada anaacha kazi kwa simu. Anamwambia bosi wake sentensi mbili, anakata, anatabasamu, basi. Sasa huyu ni mtu ambaye tangu mwanzo tumeambiwa kasoma kwa mikopo, baba yake alikuwa dereva wa malori na alifariki kabla ya kumuona anaapishwa kuwa wakili, yaani ile kazi kwake sio mshahara, ni ahadi kwa marehemu, halafu inatupwa ndani ya nusu dakika na hakuna mtu yeyote anayemuuliza una uhakika? Hata yeye mwenyewe hajiulizi.

Upande wa jamaa vilevile. Ile sini ya kufungua boksi la mapambo ya marehemu mama ni nzuri jamani, yule mtoto anatoa pambo moja moja ananusa, haongei, na kamera imetulia tu inamuangalia, mimi nililia kabisa. Ila wanarudi kutoka kwenye matangazo mtoto yuleyule anacheka anamwambia yule dada ukae na sisi milele. Huzuni yote ile imeenda wapi?

Swali langu ni hili, hilo ni kosa la hii muvi peke yake au ndivyo aina yenyewe inavyolazimisha? Na nyie mwisho uliwagusa au?

rimoti_mkononi

Mkuu umeuliza vizuri, mimi hizi muvi nazifuatilia mpaka zinavyotengenezwa, ngoja niseme ninachojua.

Kwanza kabisa zinaandikwa kufuata matangazo. Chaneli kama Hallmark inaipa muvi nafasi ya saa mbili hewani lakini muvi yenyewe ni kama dakika 84 au 85, zinazobaki ni matangazo ya biashara. Kwa hiyo mwandishi haandiki sehemu tatu kama muvi za sinema, anaandika vipande tisa, na kila kipande lazima kiishie mahali pa kukufanya usibadilishe chaneli. Ndio maana kila baada ya muda mfupi kuna kitu kidogo kimekatika, simu imeita, mtu kaingia, barua imeonekana mezani. Lile busu linalokatizwa katikati halipo kwa bahati mbaya, limewekwa pale kwa sababu busu la kweli linatunzwa mpaka dakika za mwisho, wakibusiana mapema kazi imekwisha, watu wanaenda kulala.

Sasa angalia hesabu inavyombana mwandishi. Ugomvi mkubwa anauweka kwenye kipande cha nane, kikibaki kimoja tu, na ndani ya hicho kimoja anatakiwa apatanishe wapenzi, aokoe kiwanda, atatue la kazi, awakusanye wana mji wote kwenye mti na abakize muda wa busu. Ile simu ya kuacha kazi imebanwa humohumo. Sio kwamba mwandishi hajui, nafasi hana.

Alafu kuna muda wa kurekodi, nyingi zinapigwa kwa wiki mbili au tatu hivi. Aktaa anaweza kurekodi kurasa nyingi kwa siku moja na hakuna muda wa kurudia rudia sini mpaka itoke na uzito. Ile sini ya boksi uliyoisifia nadhani imetoka vile kwa sababu haina maneno, mtoto alipewa kitu cha kushika akaachwa. Sini za maneno mengi ndizo zinazoumia ukiharakishwa.

mtu_wa_kamera

Naongezea kidogo upande wa picha maana watu wanazibeza hizi muvi bila kujua kazi iliyopo.

Nyingi hazirekodiwi majira ya baridi, zinarekodiwa kiangazi, na hiyo Vermont mnayoiona mara nyingi ni Kanada, sana sana British Columbia karibu na Vancouver, au Ontario. Sababu ni pesa, serikali za kule zinarudisha sehemu ya kodi kwa wanaorekodi huko na kuajiri wenyeji, na dola ya Kanada iko chini ya ya Marekani. Na kiangazi ni kwa sababu muvi lazima iwe tayari kurushwa kuanzia Oktoba, ukisubiri theluji ya kweli umechelewa mwaka mzima.

Kwa hiyo theluji ile ni povu, ni karatasi zilizosagwa, ni mablanketi meupe yametandazwa chini, na saa nyingine barafu ya kusaga kwa sini za karibu. Waigizaji wamevaa makoti ya sufu na skafu kwenye joto kali na wanatakiwa waonekane wanatetemeka. Ukitaka kujua angalia midomo yao wakiongea nje usiku, hakuna mvuke unaotoka. Au angalia miti ya nyuma kabisa, majani ya kijani yamejaa. Kwenye hii muvi sini ya gari kukwama theluji inaishia pale pale fremu inapoishia, dairekta hathubutu kugeuza kamera hata kidogo.

Mimi haya hayanipunguzii raha, yananiongezea heshima. Yule dada kwenye sini ya mwisho anaonekana ana baridi kwelikweli, na kuna uwezekano mkubwa alikuwa analoa jasho.

dada_wa_jioni

Mimi naomba nitofautiane na mleta mada kwa upole kabisa.

Unataka uamuzi wa kuacha kazi uwe na uzito, sawa, lakini jiulize wanaoangalia hizi muvi wanazifuata kwa ajili ya nini. Mimi mwaka ambao nilikuwa namuuguza mama, usiku alikuwa halali, nakaa naye kitandani tunaangalia hizi, na sababu ya kuzichagua ilikuwa hiyohiyo unayoiona ni kasoro, kwamba hakuna kitakachotuumiza. Anajua yule kaka na yule dada watapatana, anajua mtoto atacheka, anasinzia muvi ikiwa katikati akiamka hajapoteza kitu. Siku niliyojaribu kumuwekea tamthilia nzito ya kweli aliniambia zima hiyo mwanangu, ya kwangu yananitosha.

Na sio mama yangu tu. Machi 2020 watu walipofungiwa ndani kwa corona, Hallmark walirusha muvi za Krismasi mfululizo wikiendi nzima, mwezi wa tatu! Na kila Julai wanazirudisha. Mtu anayeangalia muvi ya Krismasi mwezi wa saba hafuati sikukuu, anafuata kile kitulizo. Hii ratiba yao ya kuhesabu siku kuelekea Krismasi ilianza 2009 na mpaka leo inaendelea, na chaneli nyingine zimeiga, kwa hiyo kuna hitaji la kweli pale, tusilidharau.

Ile simu kuwa fupi mimi niliifurahia. Kuna watu wameng'ang'ania kazi zinazowamaliza wanatamani wangeweza kusema sentensi mbili wakakata.

msoma_visa

Dada hapo juu nimekuelewa na pole sana kwa ya mama, ila nadhani mleta mada hajalalamikia kujua mwisho. Kujua mwisho hakujawahi kuwa tatizo. Kile kisa cha Dickens cha bahili Scrooge kimetoka 1843, dunia nzima inajua mzee atabadilika asubuhi ya Krismasi, na bado watu wanakisoma na kukiigiza kila mwaka. Kwa nini? Kwa sababu kabla hajabadilika roho tatu zinamtembelea usiku, anapelekwa utotoni kwake, anaoneshwa mchumba aliyemuacha kwa ajili ya pesa, anaoneshwa kaburi lake mwenyewe halina mtu wa kulililia. Akifungua dirisha asubuhi tunaamini kwa sababu tumelipitia lile usiku pamoja naye. Hizi muvi karibu zote ni kisa kilekile, mtu wa kazi na pesa analainishwa na Krismasi, ila zile roho tatu wamezitoa wakamuweka mwanaume mwenye shati la drafti, na mwanaume peke yake hawezi kufanya kazi ya roho tatu hata awe mzuri vipi.

Na kwa rimoti_mkononi, hoja ya matangazo ni ya kweli lakini haimalizi. Netflix hawakuwa na matangazo kabisa 2017 walipotoa ile ya mwandishi wa habari na mwana wa mfalme, iliyorekodiwa Romania, walikuwa huru kupanga muda wanavyotaka, na bado walifuata njia ileile, kutoelewana kulekule, kupatana kwa haraka kulekule. Kwa hiyo sio muda peke yake, ni mazoea. Mwandishi angeamua kupunguza sini moja ya biskuti na ile ya mashindano ya kupamba nyumba, ambayo haikusogeza chochote, angepata dakika nne za kumpa yule dada. Dakika nne ni nyingi sana kwenye muvi.

Halafu kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi, kwa nini anayehama huwa ni mwanamke? Fundi anaweza kuchonga mbao popote. Lakini hata kuulizwa haulizwi, mji mdogo ndio wenye haki, Chicago ndio yenye makosa, na mchumba wa Chicago lazima awe mtu wa simu sikioni asiyesikiliza ili tusimuonee huruma akiachwa. Ndani ya hii muvi yule mchumba aliongea mara mbili na mara zote alikuwa na hoja ya maana! Alimuuliza vipi kuhusu wateja wako wanaokutegemea, na muvi ikamfanya aonekane mbaya kwa kuuliza hivyo.

rimoti_mkononi

Hilo la mchumba nakubaliana nawe mia kwa mia. Ila kuhusu kuhama zimeanza kubadilika kidogo, siku hizi ziko ambazo dada anabaki na kazi yake anaifanyia hukohuko, au anafungua ofisi yake ndogo, na hata kwenye hii walikuwa na nafasi hiyo mkononi kabisa, kiwanda kinahitaji mwanasheria wa kukitetea na yeye ni mwanasheria! Angesimama mbele ya bodi akatumia kazi ileile aliyosomea kukiokoa, ahadi kwa baba yake ingebaki na kiwanda kingepona. Badala yake kiwanda kimeokolewa na oda kubwa iliyoingia kwa simu.

dada_wa_jioni

Hii ya bodi ningeipenda. Hapo hata mama asingesinzia.

Lakini ile simu ya oda msiitoe, yule mzee wa kiwanda alivyokaa chini taratibu baada ya kuipokea, akavua kofia, mimi pale nilishika mdomo.

kiti_cha_mbele

Nawashukuru wote. Wazo la bodi limenikaa vizuri sana maana linagusa kitu ambacho nilishindwa kukisema, yule dada muvi nzima haoneshwi hata mara moja akifanya kazi yake kwa ustadi. Tunamuona na laptopu, tunamuona amechoka, tunamuona anawaomba watu msamaha kwa kuchelewa kufika, lakini ustadi wake hatuuoni, ndio maana kuuacha hakugharimu kitu machoni petu.

dada_wa_jioni nimekusoma mara mbili. Sitaki muvi iumize watu wanaohitaji kupumzika, na mama yako nadhani angeipenda ile sini ya boksi kama mimi. Lakini ona, ile sini ilikuwa na huzuni kuliko zote na ndiyo iliyonituliza kuliko zote. Yule mtoto aliruhusiwa kukaa na pambo la mama yake mkononi bila mtu kumharakisha. Hapo ndipo sikubaliani na ile sentensi ya ukae na sisi milele, ningeikata moja kwa moja, nikamuacha mtoto amkabidhi yule dada pambo moja akatundike mwenyewe, anyamaze, tuende kwenye matangazo.

mtu_wa_kamera

Na pambo lenyewe lilikuwepo mezani kwenye fremu, lile la ndege wa mbao mwenye bawa lililovunjika. Wamelionesha kwa karibu mara mbili halafu halikutumika tena. Nina hakika kwenye skripti ya kwanza lilikuwa na sini yake ikaondolewa kwa ajili ya muda.

msoma_visa

Kama waliitoa hiyo wakabakiza mashindano ya kupamba nyumba, basi aliyekata hakuwa mwandishi.