Rangi ya kupulizia kwenye albamu ya picha za zamani: ipi haififii?

Binti_Kibosho
Wapendwa, naombeni msaada. Niko Moshi, natengeneza albamu ya bibi, nataka aifungue Krismasi tukipanda wote nyumbani. Picha nyingi ni nyeusi na nyeupe, za studio, mojawapo ya babu kihambani, lile shamba la nyumbani, na gunia la kahawa. Nyuma ya kila picha nataka wingu la kahawia linalopotea kuelekea pembeni, na mng'ao kidogo wa dhahabu. Nimejaribisha kahawa, kisha rangi ya chakula, kwenye manila. Manila inajikunja, na rangi inakusanyika ukingoni ikiacha mstari mweusi. Kuna anayenishauri wino wa printa. Nishike lipi?

Kaka_Stesheni
Wino wa printa, ule wa kujazia, unauchanganya na maji tu. Rangi kali sana. Kadi za harusi natengeneza nao na wateja wanazipenda.

MamaKadi_Arusha
Mdogo wangu, hongera kwa kazi hiyo, na usikubali kuiharakisha.

Kaka hapo juu yuko sawa kwa kadi, kwa sababu harusi ikipita kadi imemaliza kazi yake. Albamu ya bibi wataifungua wajukuu wa wajukuu. Wino mwingi wa kujazia, kama ilivyo rangi ya chakula, huyeyuka kwenye maji na kuzama ndani ya karatasi. Unapendeza sana mwanzoni, ila mwanga unaula. Rangi ya chembe, yaani ya unga laini uliosagwa, haiyeyuki. Inakaa juu ya karatasi ikishikwa na gundi yake, na inavumilia zaidi. Chukua rangi ya akriliki ya kahawia, zile za udongo zenye oksidi ya chuma, uizimue kwa maji mpaka ipite kwenye chupa ya kupulizia.

Dirishani kwangu jikoni nimebandika vipande vya kila rangi ninayotumia, nusu nimeifunika kwa kadibodi. Cha manjano ya binzari, upande ulio wazi umebaki rangi ya maziwa. Cha kahawia ya udongo huoni mpaka uko wapi. Fanya hivyo na zako kabla hujagusa albamu.

Manila achana nayo. Upande uliolowa unavimba, mkavu haujavimba, lazima ijikunje. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, bandika kingo zote nne kwenye ubao kwa ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi, na usibandue mpaka ikauke kabisa. Na ule mstari mweusi: tone hukauka haraka pembeni, maji ya katikati yanakimbilia huko yakibeba rangi. Kwa hiyo lowesha karatasi kwanza kwa brashi pana na maji matupu, ndipo upulize, mkono ukitembea, na kidimbwi chochote ukigonge na tishu palepale.

Sasa picha. Nakusihi, usipulize ukurasa wenye picha. Picha hizo za studio zina tabaka la jelatini, likipata maji linalainika na kunata. Maliza ukurasa, uache ukauke vizuri, ndipo uweke picha kwa kona za karatasi, bila gundi, ili siku moja iweze kutoka salama. Kahawa naipenda na mimi, lakini ina asidi. Iweke kwenye jalada, mbali na picha.

Binti_Kibosho
Asante sana mama, shikamoo. Na dhahabu je? Nina unga wa kung'aa wa mapambo ya kucha.

MamaKadi_Arusha
Marahaba mwanangu. Kama ni unga laini wa mika, yale madini yanayong'aa, unafaa. Kama ni vipande vya plastiki vinavyoonekana kwa macho, vitaziba mdomo wa chupa. Mika haiyeyuki, inatuama chini, kwa hiyo tia gololi ndogo ndani na utikise kila unapopuliza. Ongeza gundi ya mgunga kidogo, la sivyo itabaki vidoleni mwa kila anayefunua ukurasa. Ikikauka, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na dhahabu, ongeza gundi. Ukimaliza, puliza maji ya uvugumvugu matupu mpaka yatoke safi, maana ikikaukia kwenye mrija hiyo chupa utaitupa.

Kaka_Stesheni
Mama, hiyo ya dirishani naanza leo na wino wangu.