Kupima heparini kwa chembe nano za dhahabu: kwenye plazima rangi haigeuki

Swali
Wakuu, naombeni msaada. Napima heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yenye chaji hasi. Chembe ni za dhahabu, zimefunikwa sitrati, kipenyo nm (nanomita) 13. Kwenye maji safi mambo ni mazuri: protamini (protini yenye chaji chanya, inayoshika heparini) inazishikanisha na kuzigeuza kutoka nyekundu kuwa buluu, na heparini ikitangulia wekundu unabaki. Kwenye plazima (majimaji ya damu bila seli) iliyozimuliwa mara 10 kila kitu kinabaki chekundu, iwe heparini ipo au haipo. Kwenye bafa (kimiminika cha kutunza pH) ya fosfeti yenye chumvi, buluu inatokea hata kabla ya protamini. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Hayo ni makosa mawili, mkuu. Chembe za sitrati hukaa mbalimbali kwa sababu zote zina chaji hasi na zinasukumana. Chumvi ya milimola 150 inaififisha chaji hiyo, nazo zinashikana zenyewe. Tumia bafa ya HEPES ya milimola 5, pH 7.4, bila kuongeza chumvi.

Plazima ndiyo ngumu. Albumini, protini ya damu iliyomo gramu 35 hadi 50 kwa lita, inaigandamia dhahabu na protamini haiifikii tena. Wekundu huo ni wa uongo, maana unasomeka kama heparini ipo. Zimua mara 100, changanya sampuli na protamini, subiri dakika 5, dhahabu iingie mwisho. Ukiitanguliza, albumini imeshaiwahi.

Jibu la 2
Kipimo hiki huharibikia kwenye kiasi cha protamini. Miligramu 1 hushika takriban uniti 100 za heparini. Mikrolita 10 za plazima yenye uniti 1 kwa mililita zina uniti 0.01, zinazoshika mikrogramu 0.1 tu ya protamini. Ukitia mikrogramu 2, inayobaki inageuza chembe zote buluu na heparini huioni.

Kwa hiyo anza na plazima isiyo na heparini, iliyozimuliwa vilevile, uongeze protamini kidogo kidogo, usimame buluu inapokamilika tu. Ikizidi sana inazipa chembe chaji chanya, zinasukumana upya, wekundu unarudi! Viwango vya chini vikikusumbua, punguza dhahabu ili protamini inayohitajika nayo ipungue. Usitegemee macho: soma kwa mashine uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nm 650 kwa ule wa nm 520, dakika ileile kila mara, kwani kushikana hakusimami.

Jibu la 3
Damu itolewe kwenye mrija wa sitrati, kamwe si ule wa heparini. Enoksaparini (heparini ya minyororo mifupi) ichorewe grafu yake ya kulinganishia, kwa kuwa protamini huishika kwa sehemu tu. Warfarini na rivaroksabani, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, ni molekuli ndogo zisizo na mnyororo wa chaji hasi; njia hii haizioni kabisa.