Naomba ushauri: chiriku aliyezoea tundu anaweza kurudi porini?

Ndugu zangu wapenzi wa ndege, nawasalimu kutoka Tanga mjini. Naomba ushauri kuhusu chiriku dume aliyeachwa na marehemu mjomba wangu, ambaye alimnunua kwa vijana wanaotega ndege kwa ulimbo na kumfuga kwa miaka kadhaa. Ni ndege mzuri mno: kifua cha manjano, mchirizi mweusi kando ya mdomo, na sauti inayojaza nyumba nzima alfajiri, lakini kila wenzake wanapolia kwenye mivinje ya nje, hukimbilia upande ule wa tundu na kujigonga kwenye waya, hata manyoya ya mkia yamechakaa, nami siwezi tena kuamini kwamba wimbo huo ni wa furaha.

Nimejaribu kumfungulia chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Huruka hadi juu ya pazia, hutweta, kisha hushuka sakafuni. Nimemwongezea mbegu za nyasi mbichi juu ya ulezi aliouzoea, naye huzila vizuri. Mama anasisitiza kuwa kumwachia huru ni thawabu. Kaka anahofia kunguru, ambao hapa mjini ni wengi kupita kiasi, na hofu hiyo naiona ina msingi.

Nitajuaje kwamba mbawa zake zimepata nguvu za kutosha, na je, nisubiri mkia uote upya kwanza? Pili, kwa kuwa ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nianze kwa kuwaona maofisa wa wanyamapori kabla ya kumwachia? Natanguliza shukrani zangu za dhati.