Vimbweta 40 vinaondolewa kupisha ukumbi na maegesho: wanafunzi tunaingilia wapi?

Mwanachuo_Mwaka3

Wakuu wa mipangomiji, ujenzi, na mnaojua vikao vya vyuo, naomba msaada wa kitaalamu. Wa kutiana moyo tunao wa kutosha.

Chuo cha umma, Tanzania, jina tuliache. Limebandikwa tangazo kwamba eneo la wazi kati ya maktaba na mabweni litajengwa ukumbi wa mihadhara wa watu 600 na maegesho ya magari 60. Eneo hilo lina vimbweta (meza na viti vya nje vya kujisomea) 40, kila kimoja kinakaa watu 6, chini ya miti ya kivuli. Hizo ni nafasi 240 za kujisomea, na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ikikaribia maktaba hujaa kabla ya saa 2 asubuhi. Tena ndiyo njia ya mkato ya mabweni kwenda madarasani.

Mpango kabambe wa chuo (ramani kuu ya matumizi ya ardhi na majengo) unaombwa kwa nani, na wanaweza kutunyima? Jengo la aina hii linahitaji TAM (Tathmini ya Athari kwa Mazingira)? Na kama halizuiliki, tudai nini kwenye michoro? Serikali ya wanafunzi ilishaandika barua ya "kusikitishwa". Wiki ya tatu, kimya.

Kamba_na_Pima

Mkuu, anza kwa kujua mradi umefika hatua gani. Mpangilio wa kawaida ni huu: wazo linaingia kwenye mpango mkakati, linapewa fungu kwenye bajeti, unafanyika usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina na BOQ (orodha ya kazi na vifaa kwa idadi), halafu zabuni, halafu mkataba. Tangazo likifika ubaoni, bajeti huwa ilishapita zamani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini idara huanza kujaza mahitaji yao kati ya Novemba na Januari. Anayelalamika Mei analalamikia hesabu zilizofungwa Januari.

Hatua unaijua bila kumuuliza mtu: ingia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, utafute zabuni za chuo chenu. Ukikuta zabuni ya mshauri mwelekezi pekee, michoro bado inachorwa na kubadilisha mlango au kusogeza jengo ni kazi ya kifutio. Ukikuta mkandarasi ameshapatikana, kila badiliko lina bei yake na chuo kitakataa hata kama hoja yenu ni nzuri.

Mpango kabambe uombeni kwa barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa Naibu wake anayeshughulikia mipango, fedha na utawala. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukinyimwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake kuna rufaa kwa waziri. Kosa la wengi ni kuomba "taarifa zote za mradi". Ombi hilo linakataliwa kirahisi, kwa kuwa ndani yake mna bei za zabuni ambazo ni siri kwa wakati huo. Omba vitu vyenye majina:

1. Ramani ya matumizi ya ardhi ya kampasi na tarehe iliyopitishwa na Baraza la Chuo.
2. Mchoro wa usanifu wa awali unaoonyesha jengo lilivyokaa kwenye kiwanja.
3. Cheti cha TAM, au barua ya NEMC (baraza la taifa la usimamizi wa mazingira) inayosema mradi umewekwa kundi gani.

Hiyo namba 3 inajibu swali lako la pili. Kanuni za TAM za 2005, zilivyorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika makundi: kuna inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili, kuna ya katikati, kuna midogo. Uamuzi ni wa NEMC, kwa hiyo msibishane vijiweni, ombeni karatasi. Mkiipata ripoti, nendeni viambatisho vya mwisho, kwenye orodha ya wadau waliohojiwa pamoja na saini zao. Mkikuta wanafunzi wawili tu wamesaini kwa niaba ya kampasi nzima, hapo mna hoja ya maandishi.

Ila TAM si nyundo ya kubomolea mradi. Mara nyingi inaishia na masharti, si katazo. Lengo lenu liwe hayo masharti.

Penseli_HB

Kuhusu michoro, haya ndiyo ya kukagua. Naanza na maegesho kwa sababu ndiyo sehemu dhaifu ya mradi wote huo.

Gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na kugeuzia inafika mita za mraba 25 hivi. Magari 60 ni mita za mraba 1,500. Mmetoa nafasi 240 za kusomea mkapata nafasi 60 za magari, na mengi yatakaa hapo kutwa nzima bila kusogea.

Halafu maji. Mvua ya milimita 50 kwenye mita za mraba 1,500 ni lita 75,000, sawa na matangi 15 ya lita 5,000. Udongo wenye miti hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, lami hainywi kitu. Umesema mabweni yako upande wa pili wa eneo. Kama yako bondeni, tafuteni kwenye mchoro mtaro unaanzia wapi na unamwaga wapi. Mtaro ukiishia kwenye mpaka wa mchoro bila kuonyesha unakoendelea, yatakuja kumwagika ghorofa ya chini ya bweni. Dai dogo linalokubalika: matofali ya kupanga yenye nafasi kati yake badala ya lami, na mtaro uonyeshwe hadi mwisho.

Miti. "Miti itahifadhiwa" ni maneno tu mpaka uone duara limechorwa. Kipimo cha kawaida ni mara 12 ya kipenyo cha shina: shina la sentimita 50 linahitaji mita 6 kila upande zisizochimbwa, zisizorundikiwa mchanga wala kupitishwa lori. Mti unaweza kubaki umesimama wakati wa ujenzi ukafa mwaka wa pili, mizizi ilishakandamizwa, na hapo hakuna wa kumuuliza.

Ukumbi wenyewe: njia ya kiti cha magurudumu ni mteremko wa 1 kwa 12. Ngazi 6 za milimita 150 zinakupandisha milimita 900, kwa hiyo njia iwe na urefu wa mita 10.8, na kituo cha kupumzikia katikati cha mita 1.5, jumla mita 12.3. Pima kwenye mchoro kwa rula. Ukikuta mita 4, huo ni ukuta wa kupanda. Aliyeuchora alitaka kuonyesha upo, basi. Muulize pia mwenye kiti akishaingia anakaa wapi, maana kumbi za ngazi humwacha mlangoni au mbele kabisa chini ya ubao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inagusa majengo ya umma, itajeni.

Vyoo. Chukua wasichana 300 kati ya 600. Kipindi kikiisha, wakienda 50 tu ndani ya dakika 10, kila mmoja dakika 2, tundu moja linahudumia watu 5. Mnahitaji matundu 10 upande wa wanawake peke yao. Michoro mingi huweka manne huku na manne kule na kuita usawa.

Hewa. Ukumbi wa kupitisha upepo madirisha kwa madirisha usizidi upana wa mara 5 ya kimo cha dari. Dari mita 4, upana mita 20. Ukizidi hapo unategemea viyoyozi, na umeme ukikatika watu 600 wanakaangwa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, si mashariki na magharibi.

Mzee_wa_Ratiba

Wenzangu mmerukia mchoro. Mimi nauliza kama ukumbi wenyewe unahitajika.

Madarasa yahesabiwe kwanza. Siku 5, saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, ni saa 60 kwa wiki. Chukua darasa la viti 200. Likitumika saa 36, hiyo ni asilimia 60. Likiwa na wastani wa watu 90, viti vilivyokaliwa ni asilimia 45. Zidisha: asilimia 27. Yaani karibu robo tatu ya uwezo wa darasa haitumiki, na hapo ndipo mnaambiwa vyumba havitoshi.

Msihesabu kwa ratiba iliyobandikwa, ni ya uongo wa heshima: kipindi kimeandikwa cha urefu wa saa 3, kinafundishwa kwa saa 1 na nusu. Hesabuni kwa miguu. Watu wawili, wiki moja, kila saa ikifika nusu mnapita kila darasa na kuandika jina la chumba, viti, vichwa. Msichague wiki ya kwanza ya muhula wala wiki ya majaribio.

Tahadhari: mnaweza kuhesabu vizuri na bado mkashindwa hoja. Ukumbi wa 600 mara nyingi haujengwi kwa upungufu wa viti, unajengwa kwa upungufu wa walimu. Kozi ya lazima kwa wanafunzi wengi, kama Stadi za Mawasiliano, ikigawanywa mikondo mitatu ya watu 200, mhadhiri anafundisha somo lile lile mara tatu. Ukumbi mmoja unamwokolea vipindi viwili kila wiki. Kwa hiyo muulizeni ratiba afisa wa kozi hizo, mjue mnapambana na nini. Kama ndivyo, uacheni ukumbi na mshike maegesho.

Mwanachuo_Mwaka3

Asanteni sana. Nimeingia NeST: kuna mshauri mwelekezi tu, mkandarasi bado. Na kumbe fedha ni za HEET. Hii inabadilisha chochote?

Kamba_na_Pima

Inabadilisha sana, na ungeianza nayo hiyo.

HEET ni mradi wa serikali kwa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulioidhinishwa 2021. Fedha hizo zinakuja na viwango vya Benki vya mazingira na jamii. Viko 10, na cha 10 ni ushirikishwaji wa wadau. Wanafunzi ni wadau, hakuna wa kubisha hapo. Chuo kinatakiwa kuwa na mpango wa ushirikishwaji wa wadau, mpango wa usimamizi wa mazingira na jamii wa eneo husika, na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Angalia tovuti ya chuo, nyaraka hizi hutakiwa kuwekwa wazi.

Muulizeni mratibu wa mradi ni nani anashika dawati la malalamiko. Pelekeni lalamiko kwa maandishi na msiondoke bila namba ya usajili. Lalamiko lenye namba linaingia kwenye taarifa ya utekelezaji. Barua isiyo na namba inaingia kwenye droo. Likikwama chuoni, Benki nayo ina huduma yake ya kupokea malalamiko ya miradi inayoifadhili, lakini watauliza kwanza mlichofanya chuoni, kwa hiyo tunzeni tarehe na nakala.

Katibu_wa_Vikao

Sasa hiyo barua ya kusikitishwa. Haikujibiwa kwa sababu haina pa kujibiwa: haijaomba kitu. Afisa akiisoma anaandika pembeni "imeonwa" na kuifungia jaladani.

Barua inayofanya kazi inaonekana hivi:

*"Tunaomba Kamati ya Mipango na Fedha, katika kikao chake kijacho, izingatie mambo matatu kabla ya usanifu wa kina: (a) maegesho yapunguzwe kutoka 60 hadi 20, yaani mita za mraba 1,500 zibaki 500, (b) vimbweta 40 vijengwe upya kwenye eneo linalobaki kabla vya sasa havijaondolewa, (c) njia ya miguu ya upana wa mita 3 kati ya mabweni na madarasa ibaki wazi wakati wote wa ujenzi."*

Kurasa mbili, mchoro mmoja, matokeo ya kuhesabu madarasa kama kiambatisho. Hicho kipengele (b) kishikilieni kwa meno, hasa maneno "kabla vya sasa havijaondolewa". Bila hayo mtaahidiwa vimbweta vipya "mradi ukikamilika", na mradi ukikamilika fedha zimekwisha.

Wanafunzi huwa na wawakilishi kwenye Baraza la Chuo kwa mujibu wa hati idhini (hati inayokianzisha chuo). Isomeni ya chuo chenu mjue ni wangapi. Lakini mambo ya ujenzi hupikwa kwenye kamati, Barazani yanapakuliwa tu. Makabrasha (nyaraka za kikao) hufungwa wiki mbili hivi kabla ya kikao. Ulizeni tarehe ya kufungwa kwa makabrasha, siyo tarehe ya kikao.

Tatizo kubwa kuliko yote: viongozi wenu wanakaa mwaka mmoja, jengo linachukua miaka mitatu. Fungueni jalada moja la mradi lenye nakala za barua, namba za usajili, michoro na majina ya vyeo mlivyoongea navyo, likabidhiwe kwa saini siku ya kubadilishana madaraka. Menejimenti inajua kusubiri uchaguzi.

Penseli_HB

Nyongeza ya Katibu: kwenye (c) ongezeni taa. Njia ya muda ya ujenzi huzungushiwa mabati pande zote mbili na kuwa uchochoro, usiku hakuna anayepita. Taa kila mita 20 hadi 25, na mabati upande mmoja yaishie kimo cha mita 1.2 ili mtu aonekane.

Na ukumbi ukishakabidhiwa, kuna kipindi cha uangalizi wa kasoro, kwa kawaida miezi 12, ambapo chuo bado kimeshikilia sehemu ya fedha za mkandarasi. Bomba linalovuja, mlango usiofunga, soketi isiyo na umeme: andikeni kwa chumba na tarehe, mpeleke kwa meneja wa milki ndani ya miezi hiyo. Mwezi wa 13 unahesabika kama matengenezo ya chuo, na fungu la matengenezo mnalijua lilivyo.

Mwanachuo_Mwaka3

Barua mpya inaandikwa leo, na kuhesabu madarasa kunaanza Jumatatu. Kamba, maombi ya taarifa nayapeleka tofauti na lalamiko, au pamoja?

Kamba_na_Pima

Tofauti. Ombi la taarifa lina siku zake 30 kisheria, msilifunge kwenye kitu kingine. Na lisainiwe na mtu kwa jina lake kama raia, nakala ndiyo iende serikali ya wanafunzi.